Mbavu za Gitaa na Karakana Yetu



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kusema neno juu ya karakana ya shule. Katika mdahalo wetu uliopita baadhi ya wenzetu walishikilia kwamba karakana ni mahali pa kutengenezea madawati na kuziba milango tu, na kwamba mwanafunzi atakaye kutengeneza ala ya muziki akafanye hivyo kwao wakati wa likizo. Walipigiwa makofi mengi. Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza sababu zangu moja baada ya moja, ili atakayenipinga anipinge kwa hoja wala si kwa makofi.

Maoni yangu ni haya: yafaa karakana yetu ifundishe kupinda mbavu za gitaa. Sisemi hivi kwa kupenda muziki peke yake. Nasema hivi kwa kuwa katika kazi zote za useremala sijaona nyingine iliyo ndogo hivyo kwa gharama na kubwa hivyo kwa mafunzo.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tumeliona gitaa likipigwa lakini hatujaliona likitengenezwa. Gitaa lina viungo kama mtu. Lina shingo, kifua, mgongo, kiuno na mbavu. Kifua ni ule ubao wa mbele wenye tundu. Mgongo ni ubao wa nyuma. Na mbavu ni mbao mbili nyembamba zinazozunguka mwili wake, moja kushoto na moja kulia. Kila ubavu huanza ukiwa ubao ulionyooka, wenye urefu wa sentimeta 80 hivi, upana wa sentimeta 10 au zaidi kidogo, na unene wa milimeta 2 tu. Ubao huo hauna budi kupindwa mahali patatu: begani, kiunoni na nyongani. Bega na nyonga hutoka nje, kiuno huingia ndani. Hapana msumari unaoweza kuulazimisha, wala gundi inayoweza kuushika ukiwa haujakubali wenyewe.

Fundi huulowesha ubao katika maji kwa muda, kisha huukandamiza taratibu juu ya bomba la chuma lililopashwa moto. Hupima moto kwa kurushia tone la maji juu ya bomba. Tone likikaa na kukauka polepole, bado. Likilia na kutoweka mara moja, bomba limekuwa tayari. Maji yaliyomo ndani ya ubao hugeuka mvuke, na ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzinyuzi za mti, ambayo wataalamu huiita lignini, hulainika. Hapo ubao hutii mkono. Ukiondolewa motoni hupoa upesi na kushika umbo jipya. Baadaye hufungwa katika kalibu usiku kucha, kwa kuwa ubao una tabia ya kutaka kurudi ulikotoka, na usipozuiliwa hurudi kidogo.

Mtu mwenye nguvu nyingi hana faida katika kazi hii. Atasukuma kabla joto halijapenya, na ubao utapasuka. Mtu mvivu naye ataacha ubao juu ya bomba mpaka uungue na kuwa mweusi. Apatae ni yule anayengoja, akaupeleka ubao mbele na nyuma juu ya moto, na kusikiliza kwa vidole mpaka ahisi umelegea. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa twaweza kuona ukweli wa maneno hayo kwa macho, maana ubao uliovunjika haufichiki.

Sasa nije kwenye masomo. Wengi wetu hulalamika kwamba hesabu na fizikia ni mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Hebu tazama ubavu mmoja wa gitaa una nini ndani yake. Chukua ubao wa milimeta 2 uupinde nusu duara. Upande wa nje utakuwa mrefu kuliko upande wa ndani kwa milimeta 6 na ushei, yaani pai mara 2. Wala haidhuru duara likiwa kubwa au dogo, tofauti ni ile ile. Basi milimeta hizo 6 zatoka wapi? Ama nyuzinyuzi za nje zimevutika, ama za ndani zimebanwa. Mti wenye joto na maji huvutika kidogo sana, lakini hukubali kubanwa zaidi. Ndiyo sababu mafundi hodari huweka bati jembamba upande wa nje wa ubao wakati wa kuupinda: bati huzuia upande wa nje usivutike mno, na upande wa ndani ukalazimika kubanwa. Na katika pindo kali milimeta hizo 6 hazina budi kupatikana katika urefu mfupi, ndipo ubao unapovunjika kwa urahisi.

Kadhalika, ugumu wa ubao kupindwa huongezeka kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ubao wa milimeta 4 si mgumu mara mbili kuliko wa milimeta 2. Ni mgumu mara nane. Mwanafunzi akiambiwa hayo ubaoni huandika na kusahau. Akijaribu kuupinda ubao wa milimeta 4 kwa mikono yake, akashindwa, akaupiga randa mpaka ukawa milimeta 2 na kuona unavyotii, hasahau mpaka uzee.

Tena kuna jambo linalotuhusu hasa sisi tukaao nyanda za juu. Maji ya pwani huchemka kwenye digrii 100. Kila tunapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa digrii moja. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, basi maji yetu huchemka karibu na digrii 94, na ya wenzetu wa Iringa mjini hayaachani sana na hayo. Wapishi wetu wanajua jinsi maharage yanavyokawia. Ubao mwembamba ukichemshwa sufuriani na kutolewa hupoteza joto kabla mikono haijaufikisha kwenye kalibu. Bomba la chuma halina shida hiyo, kwa sababu joto lake hupita joto la maji yanayochemka, na ubao hupindwa pale pale unapoguswa na moto. Mwalimu wa jiografia, mwalimu wa fizikia na fundi seremala wote watatu wanakutana juu ya bomba moja.

Wako wanaosema kwamba kupinda mbao ni ufundi wa Ulaya, na sisi tujishughulishe na vyetu. Nawaomba wafikiri tena. Mama zetu wa Iringa wasukao vikapu vya milulu huilowesha kwanza isije ikakatika wakati wa kusuka. Wanyakyusa wa Rungwe walisifiwa zamani kwa nyumba zao nzuri za mianzi, na kila mvulana aliyewahi kutengeneza upinde au mtego wa ndege anajua kwamba fimbo mbichi ikipitishwa motoni hukubali kupinda. Maji, moto na subira ni elimu iliyokuwako hapa kabla ya karakana yoyote. Kilichokosekana ni kuitoa elimu hiyo katika fimbo na kuitia katika ubao uliopigwa randa.

Wala hatukukosa ala za nyuzi. Wahehe wana ligombo, ubao uliochongwa ukawa na shimo kama hori, na uzi mmoja mrefu ukapitishwa huku na huku kutoka ncha hata ncha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya muziki katika mashine za kunasia sauti, alinasa ligombo lililopigwa na Pancras Mkwawa wa Iringa, na watu wa mbali wanalisikiliza mpaka leo. Ligombo huchongwa katika pande moja la mti, na sehemu kubwa ya pande hilo huishia kuwa vumbi na vipande vya kuwashia moto. Ubao wa kupindwa haupotezi hivyo. Ubao wa unene wa inchi moja, ukipasuliwa kwa uangalifu, hutoa vipande vinne au vitano vya mbavu hata baada ya kutoa hasara ya msumeno na randa. Yaani ubao mmoja mfupi watosha magitaa mawili. Nani atasema tunaharibu mali ya shule?

Sasa nizijibu hoja za wapinzani wangu.

Hoja ya kwanza ni kwamba gitaa ni chombo cha wahuni, nalo huwavuta vijana kwenye vilabu vya pombe. Hoja hii ni ya zamani sana, na haikupata kuwa kweli. Mwaka 1952 huyo huyo Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji wa Kongo unaoitwa sasa Likasi. Mwenda aliimba Kiswahili cha kwao na kulipiga gitaa lake kwa vidole, na wapigaji wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kwa kuzisikiliza sahani zake. Hapa kwetu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, aliwafundisha watu adabu, kazi na mapenzi ya nchi kwa gitaa. Kwaya za makanisa yetu, Mbeya na Iringa, hutumia magitaa kila Jumapili. Chombo hakina uhuni; mtu ndiye mwenye uhuni au heshima. Tena mimi nazungumza juu ya kulitengeneza. Kijana aliyeshinda Jumamosi nzima akiupiga randa ubao mpaka ufike milimeta 2 hana nafasi ya kuzurura.

Hoja ya pili ni kwamba gitaa zuri hutaka miti ya kigeni ambayo hatuna. Juu ya hili natoa ushahidi wa Antonio de Torres, Mhispania aliyeishi toka 1817 hata 1892. Huyu alianza maisha yake akiwa seremala wa kawaida, na ndiye aliyelipa gitaa umbo na ukubwa tunaouona leo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye kifua cha mti mzuri, lakini mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi zilizogandamizwa. Alitaka kuwaonyesha watu kwamba sauti hutoka hasa kifuani. Basi ikiwa karatasi yaweza kuwa mbavu, mti wetu utashindwaje? Mbavu hazihitaji kutoka Brazil. Zinahitaji kuwa imara, kwa maana nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa pamoja uzito wa kilo 70 hivi, mchana na usiku, na mwili wa gitaa hauna budi kustahimili.

Na miti tunayo. Mufindi, katika mkoa wa Iringa, kuna msitu wa Sao Hill, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa katika Tanzania. Miche ya majaribio ilipandwa huko tangu 1939. Karibu na mji wa Mbeya kuna msitu wa Kawetire. Misonobari ya misitu hiyo hukua upesi na pete zake za miaka ni pana, kwa hiyo sitadai kwamba ni bora kwa kifua cha gitaa. Lakini kwa kujifunzia kupinda hapana mti wa bei rahisi kuuzidi. Mwanafunzi akivunja vipande kumi vya msonobari hajaitia shule hasara. Akishahitimu msonobari, apewe mninga. Mninga sifa yake inajulikana na maseremala wote: ukikauka hautanuki wala hausinyai sana, na rangi yake ni ya kupendeza. Mafundi wa Afrika ya Kusini huutumia kwa migongo na mbavu za magitaa.

Hapa sina budi kuongeza neno la tahadhari. Mninga na mpingo ni miti ya misitu ya asili, nayo haikatwi bila kibali. Mpingo hukua polepole mno, hata miaka 70 na zaidi kabla ya kufaa kukatwa. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu umo ndani yake, iko chini ya mkataba wa CITES. Mti wa Brazil wa jamii hiyo hiyo, uliopendwa kuliko yote na mafundi wa Marekani na Ulaya, ulizuiwa tangu 1992. Kwa hiyo sisemi tuingie msituni na mashoka. Nasema tuende kwa maseremala wa mjini wenye mbao halali za vitanda na makabati, tuwaombe mabaki. Kipande kisichofaa tena kwa mguu wa kitanda mara nyingi chatosha ubavu wa gitaa. Ulimwengu mzima unatafuta miti mingine badala ya ile iliyokwisha, na sisi tumekalia mabaki yake tukiyatia jikoni.

Hoja ya tatu ni kwamba hatuna mashine. Lakini mashine gani inayotakiwa? Hesabu ni hii: kipande cha bomba la chuma kipana kuliko kiganja kidogo, jiliwa la kukishikia, ambalo karakana inalo, jiko la mkaa, ndoo ya maji, kitambaa, kipande cha bati, na kalibu ya mbao za kawaida. Randa, msumeno na patasi ziko kabatini. Torres hakuwa na umeme. Vijana wa vijijini wamekuwa wakitengeneza magitaa kwa galoni la mafuta na waya wa breki ya baiskeli, wala hapana aliyewapa mashine wala cheti. Tena Afrika haikungoja ruhusa ya mtu kutengeneza magitaa. Kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini ilitengeneza magitaa ya bei nafuu. Mojawapo, Gallotone Champion, lilifika Uingereza mikononi mwa kijana wa Liverpool jina lake John Lennon, naye ndilo alilopiga siku ile ya 6 Julai 1957 alipokutana na Paul McCartney. Dunia nzima inajua habari za vijana wale wawili, bali wachache wanajua gitaa lile lilitoka bara gani.

Hoja ya nne ndiyo nzito, nami naiheshimu. Wanasema madawati hayatoshi, na si haki kupinda mbavu wakati wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wanabanana wanne kwenye benchi moja. Ni kweli. Dawati litangulie. Lakini kazi ya kupinda haiombi mbao za madawati wala saa za madawati. Inaomba mabaki na Jumamosi alasiri. Na zaidi ya hayo, aliyejifunza kupinda huwa fundi bora wa madawati. Amejifunza kuutazama ubao kabla ya kuukata: nyuzinyuzi zake zinakwenda moja kwa moja au mshazari? Ulipasuliwa kuelekea moyo wa gogo, au ubavuni mwake? Umekauka, au ulishushwa juzi kwenye lori la Mafinga ungali unatoa maji? Twaona kila mwaka milango iliyotengenezwa wakati wa mvua ikianza kupinda na kuachana ifikapo Agosti. Mbao zile hazikulogwa. Zilifungwa zikiwa mbichi, zikakaukia mahali pake. Gitaa haliwezi kumsamehe fundi kosa hilo, maana ubao wa milimeta 2 hupasuka mara moja. Basi aliyefundishwa na gitaa hatakuja kumwuzia mtu mlango wa mbao mbichi.

Nije kwenye shauri langu. Jambo hili litaanza kwa kidogo. Wachaguliwe wanafunzi wanane, wavulana na wasichana. Kwa kuwa kazi hii haitaki nguvu bali uangalifu, hapana sababu ya kuwaambia wasichana kwamba si yao. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa ufundi wasimamie pamoja. Muhula wa kwanza, Januari hata Juni, wasijaribu kutengeneza gitaa kabisa. Wapinde vipande vya msonobari tu, mpaka kila mmoja apate vitatu mfululizo visivyovunjika. Vilivyovunjika visitupwe, vitundikwe ukutani, na chini ya kila kimoja iandikwe sababu: maji hayakutosha, moto ulikuwa mdogo, nyuzinyuzi zilikuwa za mshazari, haraka. Ukuta huo utafundisha zaidi ya vitabu viwili.

Muhula wa pili, kuanzia Julai, watengeneze gitaa moja. Nasema muhula wa pili kwa sababu maalumu. Mvua zetu huanza Novemba hivi na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Mbao zilizofungwa wakati wa mvua zimejaa unyevu, na kiangazi kikija husinyaa na kupasuka. Zikifungwa katika miezi mikavu, Julai mpaka Oktoba, mvua ikija zitavimba kidogo tu bila kudhurika. Kalenda ya shule na kalenda ya mbao, kwa bahati njema, zinapatana. Gitaa hilo la kwanza lisiuzwe. Lipewe kwaya ya shule, na lipigwe siku ya mahafali mbele ya wazazi, wapate kuona mbavu zilipindwa na watoto wao.

Wala shauri hili si geni kwa serikali. Tangu Januari 2024 baadhi ya shule za sekondari zimeanza mkondo wa amali, ambao mwanafunzi hujifunza kazi ya mikono pamoja na masomo mengine. Wazee wetu wa Iringa wanakumbuka pia Ifunda, ilivyokuwa shule ya ufundi tangu miaka ya 1950, na maseremala waliotoka huko wakajenga sehemu kubwa ya nchi. Haifai shule yetu ingoje barua ya kuamrisha kila jambo. Bomba la chuma na jiko la mkaa haviombi barua.

Nimalizie na jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tunao methali usemao samaki mkunje angali mbichi, na ni methali ya kweli kwa watoto wadogo. Lakini nimewasikia watu wakiutumia vibaya. Kijana akimaliza Kidato cha Nne na matokeo yake yakawa mabaya, husemwa: huyo amekwisha kauka, hafundishiki tena, aende akachimbe mitaro. Kila mwaka tunawaona kaka na dada zetu wakirudi nyumbani na maneno hayo masikioni. Baadhi yao walikuwa na mikono ya akili kabisa, lakini katika miaka minne hapana aliyewapa kitu cha kushika isipokuwa kalamu.

Mafundi wa gitaa hawapindi ubao mbichi. Huuweka darini miezi mingi, hata miaka, mpaka ukauke sawasawa. Ndipo huurudishia maji kidogo, wakauweka juu ya moto kwa subira, nao ukapinda. Kwa hiyo ukavu peke yake haujapata kuwa sababu ya kuutupa ubao. Hutupwa na yule asiyetaka kuwasha moto. Mwenzetu aliyeshindwa katika karatasi huenda hajawahi kupashwa moto unaomfaa, na karakana ndiyo mahali pa kujaribu kabla hatujamtupa.

Namwomba Mkuu wa Shule alifikirie shauri hili kabla ya Januari, na kamati ya karakana iwe tayari kutoa bomba moja na kona moja ya chumba. Na nyinyi mlioshinda katika mdahalo, nawaalika mnijibu katika toleo lijalo. Mkiweza kunionyesha kazi nyingine ya karakana yenye gharama ndogo kuliko hii, inayofundisha hesabu, fizikia, hifadhi ya misitu na subira kwa pamoja, nitaacha mbavu za gitaa na kuwasaidia ninyi.